Kinacholala Chini ya Reli

Katika ukurasa huu tumezoea kusimuliana habari za jamaa zetu na za kazi zetu, nami nilisita kwa muda mrefu kuleta yangu, kwa sababu inahusu kitu cha kuchezea. Mwalimu wa hesabu mwenye umri wa miaka 54, ambaye hata kusahihisha daftari za wanafunzi huchelewa, alitumia jioni zake kwa miezi mitano akitafuta kitu cha kutandika chini ya reli zenye upana wa milimeta 12. Mke wangu alicheka, kisha akaacha kucheka, kisha akaanza kutoa maoni yake. Nitaeleza jinsi ilivyokuwa.

Mkubwa wangu, ambaye mimi humwita yaya, anaishi Ubelgiji katika mji wa Liège, na ni miaka 19 sasa tangu alipofika nyumbani mara ya mwisho. Mwaka jana msafiri mmoja alituletea sanduku kutoka kwake. Ndani yake mlikuwa na treni ndogo: kichwa kimoja cha umeme, mabehewa manne, na vipande vya reli vilivyofungwa katika magazeti. Alikuwa ameitafuta kwa uangalifu. Treni nyingi za namna hiyo, zile ambazo kila kitu kimepunguzwa mara 87, hupita juu ya reli zenye nafasi ya milimeta 16.5, kwa kuwa zinaiga njia za Ulaya zenye upana wa milimeta 1,435. Lakini reli yetu ya Katanga, tangu ilipoingia kwa upande wa Sakania na kufika Lubumbashi, wakati huo Élisabethville, mwaka 1910, ina upana wa milimeta 1,067. Gawanya kwa 87, utapata 12 na sehemu ndogo. Reli za milimeta 12 hutengenezwa kwa ajili ya wapenzi wa treni nyembamba za milima ya Uswisi; kwa hiyo yaya alinunua treni ya Kiswisi, nasi tukaipaka rangi upya. Barua iliyofuatana nayo ilisema kwamba ni zawadi ya mwanangu wa mwisho, mwenye miaka 11. Nyumbani hapakuwa na aliyedanganyika.

Baba yetu ana miaka 83. Alifanya kazi ya reli kwa miaka 31, kwanza mtu wa sururu, baadaye kapita wa kikosi cha njia. Ugonjwa wa presha ya macho ulimnyang'anya kuona polepole, hata leo hutambua tu upande ambao dirisha lipo. Tulipomwekea kile kichwa cha treni mkononi, alianza kwa kupapasa magurudumu, kisha akauliza: “Na njia? Njia mtaitandika juu ya nini?”

Hatukuwa tumelifikiria jambo hilo. Tulikuwa na mlango wa zamani wa chumba, ule wa ubao mwembamba pande zote mbili na utupu katikati, wenye urefu wa mita 2 na upana wa sentimeta 80. Tuliulaza juu ya meza mbili karibu na kiti cha baba, tukaunga reli kuwa duara refu, tukafunga nyaya kwenye betri ya pikipiki, maana umeme wa mtaani kwetu hauna ratiba. Treni ilipoanza kutembea, sebule nzima ilijaa mngurumo. Jirani wa lupango la pili aliuliza siku iliyofuata kama tumenunua mashine ya kusaga.

Sababu yake si ngumu. Mtetemo wa mota na wa magurudumu hushuka katika reli, kutoka reli huingia katika ubao, na ubao mpana wenye utupu ndani hufanya kazi ile ile ya ngozi ya ngoma: husukuma hewa nyingi kwa mara moja. Treni yenyewe ina sauti ndogo. Inayonguruma ni meza. Ndiyo maana wajuzi wa kazi hii hawapendi kuweka reli moja kwa moja juu ya ubao. Hutandika kwanza kitu katikati, na tandiko hilo lina kazi tatu: kunyamazisha, kushika reli isisogee, na kuinua njia kidogo ili ipate umbo la tuta. Taabu ni kwamba kinachofanya vizuri kazi ya kwanza mara nyingi hufanya vibaya kazi ya pili.

Tulianza na vilivyopatikana bure. Povu jeupe gumu, lile linalokinga televisheni ndani ya boksi lake, lilionekana kuwa jibu: ni jepesi, hukatika kwa kisu, halinywi maji. Nilikwenda kwa fundi viatu nikanunua gundi yake kali. Asubuhi tulikuta mfereji mahali ambapo jana palikuwa na tuta. Gundi ya namna ile hulila povu hilo kama chumvi inavyolila barafu, na hilo mwalimu wa hesabu hakulijua, bali mwalimu wa kemia angalilijua. Tukarudia kwa gundi nyeupe ya maseremala. Ikashika, lakini misumari midogo haikushika, na sauti ya treni ikawa kavu na ya kukwaruza, mbaya kuliko ile ya mlango.

Baadaye yakaja makaratasi ya boksi, tabaka tatu zilizogandishwa pamoja. Yalikuwa mazuri kwa juma moja. Ilikuwa mwezi wa Desemba, mvua za kwetu mnazijua. Yalivuta unyevu, yakavimba upande mmoja, na behewa la mwisho likawa linaanguka pale pale kila mzunguko.

Kisha mke wangu akatoa kipande cha sponji ya godoro. Hapo tulidhani tumefika. Mngurumo ulikwisha kabisa. Treni ilipita kama paka. Mwanangu alipiga makofi. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, akangoja, kisha akauliza: “Imesimama?”

“Hapana, baba, inatembea.”

“Iko wapi?”

Mwanangu alimshika mkono akamwelekeza mahali treni ilipokuwa, na ilipofika hapo mkono, treni ilikwisha kupita. Mzee hakusema neno juu ya hilo. Aliomba tusimamishe treni, akaweka vidole viwili juu ya reli akabonyeza, akasogea kidogo, akabonyeza tena. “Njia hii inatembea,” akasema. Alimaanisha kwamba inashuka na kupanda chini ya uzito, na alikuwa na haki. Ukitazama kwa makini uliona kichwa cha treni kikizama katika sponji na kusukuma wimbi dogo mbele yake, na kwenye kila kiungo reli zilikuwa zimeanza kupinda. Ndani ya dakika mbili, kwa vidole tu, alituonyesha viungo vitatu vibovu ambavyo macho yetu sita hayakuviona.

Siku hiyo alisema kwa muda mrefu kuliko alivyosema tangu Noeli. Alieleza kwamba reli, kwa watu wasioijua, ni chuma. Kwa kikosi cha njia, reli ni mawe. Chuma hubeba gurudumu, taruma hubeba chuma, lakini kokoto ndizo zinazoutawanya uzito ili udongo uweze kuubeba, ndizo zinazopitisha maji, na ndizo zinazolizuia taruma lisitoroke upande. Mataruma mengi aliyoyajua yalikuwa ya chuma, kwa kuwa ya mti mchwa hawayaachi. Kokoto lazima ziwe zimevunjwa, zenye kona, ili ziumane. Mawe ya mviringo ya mtoni hukimbiana. Zikichanganyika na udongo hazipitishi maji tena, na wakati wa mvua kila treni inayopita hupampu tope juu, shimo hukua chini ya taruma, na kikosi hurudi usiku na taa kushindilia upya. Nilikuwa nimeishi na mtu huyu maisha yangu yote, nimelishwa na mshahara wake, na sikuwahi kumwuliza kazi yake ilikuwa nini hasa. Nilijua tu kwamba alirudi na mikono iliyopasuka.

Nikampigia yaya simu. Yeye, kama wanavyofanya watu wa huko, alikwenda kuwauliza wajuzi, na baada ya majuma sita msafiri mwingine akaleta bomba la karatasi ngumu, ndani yake karatasi za koki zenye unene wa milimeta 3. Koki ndiyo ile ambayo hutengenezewa vizibo vya chupa za divai. Kifaransa huiita liège, sawasawa na jina la mji ambao yaya anakaa, naye alifurahia sana kuandika juu ya bomba “Liège kutoka Liège”. Ni gome la mti wa jamii ya mwaloni unaoota Ureno na nchi jirani za bahari ile. Mti haukatwi: wafanyakazi hulichubua gome kwa shoka, kisha huuacha mti miaka 9 hadi gome jipya likomae. Ndani ya gome hilo mna vyumba vidogo mno vilivyojaa hewa, na ndivyo vinavyoifanya iwe nyepesi, ibonyee na kurudi, ivunje mtetemo, wala isinyonye maji kwa haraka. Kwa kazi ya tandiko ni ajabu. Inakatika kwa wembe. Unachora mstari wa katikati ya njia juu ya ubao, unakata ukanda, unaupasua kwa urefu kuwa nusu mbili, na kila nusu unaikunja peke yake kufuata pinde, kwa kuwa nusu nyembamba hukubali kupinda mahali ambapo ukanda mzima ungekunjamana. Kingo za nje unazikata mshazari ili kokoto zipate mteremko. Gundi nyeupe, uzito wa vitabu juu yake usiku mmoja, basi.

Ilichukua majuma mawili. Baba alipima kwa vidole duara lote na hakupata kosa ila moja. “Hapa sawa,” alisema, na kwa kapita hiyo ni sifa kubwa. Treni ilitembea juu ya koki, sauti ikawa ndogo na laini, hata mke wangu aliweza kusikiliza redio. Nilimwandikia yaya kwamba kazi imekwisha, nikamshukuru.

Jioni ile nilikuwa nimekaa nyuma ya baba. Treni ilizunguka. Mwanangu aliiongoza, akaisimamisha, akaiondoa. Nikaona kichwa cha mzee kikigeuka kuifuata treni, lakini kiligeukia upande usio wake. Treni ilikuwa kushoto, naye alikuwa anatazama kulia. Akatabasamu, ili mtoto afurahi.

Naam, wasomaji wapendwa, mimi nilikuwa nimelisikia swali lile la “Iko wapi?” miezi miwili kabla, na sikulijibu. Nilikuwa nimeendelea kutafuta tandiko ambalo wajuzi wote wanalisifu, na wajuzi wana haki, lakini wao huiangalia treni. Kwa mtu anayeiangalia, sauti ni usumbufu wa kuondolewa.

Jawabu lilikuja kwa ajali, wakati wa kuweka kokoto. Kokoto za treni ya namna hii ni chembe zisizofika milimeta moja. Mwanangu alileta mchanga wa mtoni, baba aliusugua kati ya vidole akaukataa: “Haya ni ya mviringo, yatakimbia.” Nilitaka kumwambia kwamba hapa gundi ndiyo inayoshika, nikanyamaza. Tukaenda kwa akina mama wanaovunja mawe kando ya barabara, tukaomba vumbi la chini ya rundo, tukalichuja kwa chujio la chai. Tulipitisha juu yake sumaku ya spika iliyokufa, kwa kuwa mawe ya nchi yetu yana chuma, na chembe za chuma hurukia sumaku ya mota ya treni na kuiua. Tukazimwaga kati ya mataruma, tukazisawazisha kwa brashi, tukazidondoshea gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu na tone la sabuni, ambalo huifanya gundi ipenye badala ya kukaa juu kama tone la umande. Tulifanya hivyo kwenye upande ulionyooka tu, ule wa karibu na kiti cha baba, tukauacha ukauke.

Siku ya pili treni ilipofika sehemu hiyo, mngurumo ulirudi. Kumbe gundi hiyo ikikauka huwa ngumu kama jiwe, inalifunga taruma na kokoto na ubao kuwa kitu kimoja, na mtetemo hupita juu ya koki kama mtu anayepita kwenye daraja badala ya kuingia mtoni. Nilikasirika. Majuma mawili ya kazi, na zawadi ya yaya, vyote bure. Lakini mzee alikuwa amenyosha kidole. “Sasa iko hapa,” akasema. Kidole kilikwenda taratibu pamoja na treni, kutoka mwanzo wa kokoto hadi mwisho wake. “Sasa imekwenda kwenye kona.” Treni ilikuwa kwenye kona.

Tangu hapo tulijua tunatafuta nini, na kazi ilikwenda upesi. Upande ulio karibu na kiti tuliondoa koki yote tukaweka vipande vya mulombwa, vilivyorandwa na seremala hadi milimeta 3 ile ile. Mti huo ni mgumu, lazima utoboe kabla ya kupigilia msumari, lakini unaimba. Kwenye kona mbili tuliiacha koki, na kokoto za huko tukazishika kwa gundi ya mpira ambayo haigandi kabisa. Upande wa ukutani, mahali pa daraja dogo, reli zinakaa juu ya ubao mtupu, na hapo ni ngoma yenyewe. Hivyo duara lina sauti tatu, na mzee huziita kwa majina ya stesheni.

Ila alitukataza jambo moja. Tulitaka koki iishe na mulombwa uanze mahali pamoja, kama kisu kilivyokata. Alisema ndipo kikosi hurudi kila mwaka: pale njia inapotoka kwenye daraja gumu na kuingia kwenye tuta laini, laini huzama, gumu halizami, na gurudumu hupiga kidato hicho hadi kiwe shimo. Akataka kipande cha kati, si laini wala kigumu. Tuliweka urefu wa kiganja kimoja wa koki nyembamba, na chini yake ubao wa tripleksi mwembamba. Kwa treni isiyofika hata kilo mbili sidhani kama palikuwa na haja. Tuliweka.

Kisha akaomba viungo. Mahali alipofanya kazi reli zilikuwa za mita 12, na kati ya reli na reli paliachwa nafasi kwa ajili ya joto. Gurudumu likipita hapo lilipiga mlio. Tulipokuwa watoto alituketisha, yaya na mimi, kwenye kiti cha mbao cha treni ya Likasi, akatufundisha: hesabu milio kwa sekunde 43, na hesabu unayopata ndiyo mwendo wa treni kwa kilometa katika saa moja. Nimeifanyia hesabu hiyo mtihani darasani mara nyingi. Ni kweli, kwa sababu mita 12 mara 3.6 ni 43 na kidogo. Sasa mita 12 zilizogawanywa kwa 87 ni sentimeta 14 kasoro kidogo. Kwa msumeno mwembamba wa sonara nilikata mikwaruzo midogo juu ya reli kila sentimeta 14 kasoro hizo, upande wote wa mulombwa na daraja. Na kwa kuwa mwendo pia umegawanywa kwa 87, mdundo unabaki ule ule wa treni kubwa, bila kupunguzwa.

Ilibaki kumwambia yaya kwamba karibu nusu ya koki yake imo katika bomba bado. Niliahirisha mara mbili. Jumapili moja baada ya Misa alipiga yeye mwenyewe, akauliza kwa furaha: “Je, inanyamaza?” Sikujua la kusema. Baba alinyosha mkono akaomba simu, lakini hakuiweka sikioni. Aliilaza juu ya mlango, kando ya mulombwa, akamwashiria mtoto aiendeshe treni.

Katika mizunguko ya kwanza yaya hakusema kitu. Tulidhani mtandao umekatika. Baba alipandisha mkono ili tunyamaze. Halafu sauti ilitoka kwenye simu, ndogo, ya mtu aliyekuwa anahesabu: “Thelathini na nane.”

“Arobaini,” baba akasema. “Daima anaanza kuhesabu akiwa amechelewa.”

Nilimweleza yaya habari za mulombwa siku nyingine, kwa maandishi. Alijibu kwamba koki iliyobaki tuitunze, ataihitaji akija. Upande wa ukutani bado haujawekewa kokoto. Mwanangu anachuja vumbi jipya juma hili.